Mafuta Peke Yake Hayamtoi Mtoto Juani

Mwambao wa Moa, wilayani Mkinga, hauna uhaba wa mwanga. Jua linalochomoza upande wa Pemba likishapanda kidogo tu, bahari nayo huanza kung'aa na mchanga ukawaka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mchanga mkavu wa pwani hurudisha kama asilimia 15 ya mionzi ya urujuanimno inayoupiga, na povu la bahari kama asilimia 25, kwa hiyo anayetembea ufukweni hupigwa na jua kutoka juu na kutoka chini. Kwa mvuvi na mchemsha dagaa hilo ni neema, maana bila jua hilo hakuna dagaa wa kuanika wala chumvi ya kuvuna. Kwa mtoto mwenye ualbino, mwanga huohuo humwingia kwa milango miwili, ngozi na macho. Mlango wa ngozi tumeanza kuufunga kwa mafuta ya kukinga jua, kofia pana na mikono mirefu. Mlango wa macho tumeuacha wazi, na wengi hata hatujui kuwa upo. Naandika kwa sababu naamini kwamba kuupuuza huu wa pili kunabomoa hata ile kazi njema iliyokwisha kufanyika kwenye ule wa kwanza.

Kwanza tuelewane ualbino ni kitu gani. Tumezoea kuutazama kama jambo la rangi, wakati rangi ni dalili tu. Mwaka 1908, tabibu Mwingereza Archibald Garrod alitoa mihadhara jijini London akiwaeleza madaktari wenzake kuhusu hitilafu za umetaboli ambazo mtu huzaliwa nazo, na akataja nne: alkaptonuria, sistinuria, pentosuria na ualbino. Mwili wa binadamu huchukua tairosini, kimojawapo cha viini vinavyojenga protini ya samaki na maharage tunayokula, ukaigeuza hatua kwa hatua hadi ikawa melanini, ile rangi ya ngozi, nywele na macho. Kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya ndani ya vifuko vidogo sana vya seli. Uchunguzi wa kijenetiki uliochapishwa mwaka 1995 kuhusu Watanzania wenye ualbino ulionyesha kuwa aina iliyozoeleka hapa kwetu ni ile ya pili, na kwamba wengi wao wana pengo lilelile katika jeni moja ya kromosomu ya 15. Kwao kimeng'enya kipo. Kilichoharibika ni hali ya ndani ya kile kifuko, ambamo asidi huzidi na kazi ikakwama kabla ya kukamilika. Ndiyo maana wengi wana nywele za manjano badala ya nyeupe kabisa, na baadhi yao hutokwa na madoadoa ya kahawia usoni. Mtoto huzaliwa hivyo anapopokea jeni yenye pengo kutoka kwa baba na kutoka kwa mama, wote wawili. Mama anayeachwa peke yake na lawama anabebeshwa nusu isiyokuwa yake.

Sasa tuje kwenye jicho, kwani hapa ndipo elimu yetu ya jamii ilipokatikia. Melanini ya jicho ina kazi zaidi ya kulipamba. Huzuia mwanga kupenya ovyo kupitia kuta za jicho, na ikipungua, mwenye jicho huumizwa na mwanga ambao wengine huuona wa kawaida. Jambo zito zaidi hutokea tumboni mwa mama. Mtoto anapoumbwa, melanini na kemia inayoizunguka huongoza ujenzi wa retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Katikati ya retina panatakiwa pawe na kishimo kidogo kiitwacho fovea, ambacho ndicho tunachokitumia kusomea, kutunga uzi kwenye sindano na kutambua uso wa mtu aliye mbali. Kwa mwenye ualbino kishimo hicho hakikui ipasavyo. Pia nyuzi za mishipa ya fahamu zinazotoka jichoni kwenda kwenye ubongo, ambazo kwa kawaida zaidi kidogo ya nusu huvuka kwenda upande wa pili na nyingine kubaki upande wao, kwake nyingi mno huvuka, na macho mawili hushindwa kushirikiana vizuri. Akifika miezi miwili au mitatu mzazi huanza kuona macho ya mtoto yakichezacheza kushoto na kulia bila kutulia. Wengine huwa na makengeza. Wengi, juu ya yote hayo, huwa na hitilafu ya kawaida ya vipimo inayohitaji miwani, ama ya kuona mbali, ama ya kuona karibu, ama ya uso wa jicho usiopinda sawasawa pande zote.

Matokeo yake yanapimika. Wengi wao huona karibu na kiwango cha 6/60, yaani herufi ambayo mwenye macho mazima anaisoma akiwa mita 60, wao hulazimika kusogea hadi mita 6. Shirika la Afya Duniani huita upofu pale uoni unaposhuka chini ya 3/60. Kutoka hapo hadi chini ya 6/18 ni eneo la uoni hafifu, na humo ndimo wengi wenye ualbino wanamoishi maisha yao yote. Kwa kawaida hali hiyo haizidi kuharibika kadiri mtu anavyokua, na hii ni habari njema ambayo wazazi hawaambiwi. Mtoto huyu haelekei kuwa kipofu. Anaona, ila anaona kwa namna inayohitaji kusaidiwa.

Mkazo wetu kwenye ngozi una sababu ya haki, nami siupingi. Mwaka 1985 Daktari Luande na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu 350 wenye ualbino jijini Dar es Salaam. Waliona ngozi ikiharibika tangu mwaka wa kwanza wa maisha, na saratani zilizokwisha kuenea zikiwashika watu wakiwa kati ya miaka 20 na 40, umri wa kuoa, kuolewa na kulea. Baada ya hapo kazi kubwa imefanyika. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC, Moshi, kilichoanza mwaka 1992, kilifika mahali kikatengeneza mafuta yake, KiliSun, kwa ajili ya ngozi hii na jua hili. Ng'ambo ya mpaka, safari fupi ya mashua kutoka Moa, Serikali ya Kenya imekuwa na mpango wa taifa wa kugawa mafuta ya kukinga jua kwa zaidi ya muongo mmoja, na mafuta ndiyo yaliyoupa mpango ule jina lake. Kwa hiyo mtu makini atauliza: saratani inaua, uoni hafifu hauui; penye fedha kidogo, si haki ngozi itangulie?

Swali hilo lingekuwa na nguvu kama ngozi na macho vingekuwa mambo mawili yanayogombea mfuko mmoja. Si hivyo. Mfuate mtoto mwenyewe, mwaka hadi mwaka. Anaanza darasa la kwanza katika shule ya mwambao yenye madirisha makubwa yasiyo na mapazia. Mwalimu anaandika ubaoni, yeye haoni kilichoandikwa. Ananakili kutoka kwenye daftari la jirani, na jirani akifungua ukurasa mwingine somo limempita. Akisogeza kitabu hadi puani huambiwa akae vizuri. Akitazama upande kwa kichwa kilichoinama, maana upande huo ndipo macho yake hutulia kidogo, huonekana kama hasikilizi. Akifika darasa la nne anajulikana kama mzito wa kuelewa, ingawa akili yake haina dosari yoyote itokanayo na ualbino. Mwishoni anaacha shule au anamaliza bila kufaulu. Na aliyeacha shule pwani ya Mkinga anafanya kazi gani? Anavua, au anaanika dagaa, au anakwangua chumvi, au analima mihogo. Kila moja ya kazi hizo hufanyika chini ya anga wazi, saa zilezile ambazo kliniki ya ngozi inamwambia asikae juani. Tumempa mafuta, halafu tumemwachia riziki ambayo hakuna chupa ya mafuta inayoweza kuifunika. Jasho huyaosha, maji ya bahari huyaosha, na yakiisha kabla ya siku ya kliniki kazi haimsubiri. Ninaposema macho ni sehemu ya vita dhidi ya saratani ya ngozi, namaanisha mnyororo huu.

Waliotoka kwenye mnyororo huo wanajulikana. Salum Khalfani Bar'wan alichaguliwa mbunge wa Lindi Mjini mwaka 2010. Abdallah Possi ni mwanasheria aliyeteuliwa naibu waziri mwaka 2015, kisha akawa balozi wa Tanzania nchini Ujerumani. Kenya kuna Jaji Mumbi Ngugi, aliyepanda kutoka Mahakama Kuu hadi Mahakama ya Rufani. Siwataji ili kusema kila mtoto awe mbunge au jaji. Wote watatu kazi yao hufanyika chini ya paa na huanza na kusoma. Karani wa halmashauri, fundi cherehani, mwalimu, mhudumu wa duka la dawa, hao nao wako kivulini. Anayesoma anapata nafasi ya kuchagua kivuli, na kusoma huanzia jichoni.

Pingamizi la pili hutoka kwa watu wa afya wenyewe, nalo ni zito zaidi: miwani haiponyi ualbino. Fovea ambayo haikujengeka tumboni haiwezi kujengwa na lenzi, kwa hiyo, wanasema, tunampa mzazi gharama na matumaini hewa. Nusu ya kwanza ya hoja hiyo ni kweli tupu. Nusu ya pili inakanushwa na vipimo. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa macho wa watoto na vijana 120 wenye ualbino nchini Malawi. Wastani wa uoni wao ulipanda kutoka karibu 6/60 hadi karibu 6/36 kwa kupimwa na kupewa lenzi zinazofaa tu, bila upasuaji wala dawa. Waliofaidika zaidi walikuwa wale wasioona vizuri vitu vya mbali, kwa kiwango kidogo na cha kati. Wengine, hasa wale wenye tatizo la kinyume, la vitu vya karibu, walipata nafuu ndogo sana, na hao wana haki ya kuambiwa ukweli badala ya kuuziwa fremu. Lakini 6/36 si jambo dogo. Ni tofauti kati ya kuona kwamba kuna kitu kimeandikwa na kuanza kukisoma ukiwa dawati la mbele.

Isitoshe, miwani ya vipimo ni kifaa kimoja tu kati ya kadhaa. Jicho la mtoto lina uwezo mkubwa wa kujirekebisha kutazama kitu cha karibu, ndiyo maana kitabu kilichosogezwa hadi puani husomeka. Kukisogeza ni kukikuza, na mwalimu anayemkataza anamnyang'anya kifaa chake cha bure. Maandishi yakiwa madogo mno, kioo cha kukuzia kinachowekwa juu ya ukurasa husaidia. Darubini ndogo ya jicho moja, inayoshikwa kiganjani, huuleta ubao karibu. Lenzi zilizotiwa giza na kofia ya pama hupunguza ule mwanga unaoumiza. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya vifaa saidizi 50 ambavyo kila nchi inahimizwa kuwa navyo, na humo mna miwani, ikiwamo ya uoni hafifu na ya kukinga mwanga, pamoja na vioo vya kukuzia. Vimewekwa kwenye orodha moja na kiti cha magurudumu. Hakuna anayemwambia asiyetembea kwamba kiti hakimponyi miguu, kwa hiyo asipewe.

Wengine watasema mahali pa mtoto huyu ni shule maalumu, na mkoa wa Tanga unazo: Irente kule Lushoto, shule ya wasioona iliyoanzishwa na Kanisa la Kilutheri miaka ya 1960, na Pongwe jijini Tanga, zimepokea watoto wenye ualbino kwa muda mrefu. Hapa inabidi kusema kwa uangalifu, kwa sababu mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoitikisa nchi kuanzia katikati ya miaka ya 2000 yaliwafanya wazazi wengi watafute ukuta na mlinzi kabla ya kutafuta kitabu, na hakuna mwenye haki ya kuwalaumu. Shule hizo zina walimu waliosomea kazi hii, na usalama ni haki ya kwanza. Hata hivyo usalama na elimu ya mtu asiyeona ni vitu viwili tofauti. Katika nchi kadhaa za Afrika, walimu na watafiti wameeleza jambo lilelile: mtoto mwenye ualbino akifundishwa nukta nundu huzisoma kwa macho, akiinamia kivuli cha kila nundu, badala ya kuzisoma kwa vidole. Yaani ana uoni wa kutosha kuona nundu ndogo nyeupe kwenye karatasi nyeupe, na bado hajapewa herufi kubwa nyeusi. Kosa hapa si la mwalimu wa nukta nundu. Kosa lilitangulia, siku mtoto alipopangiwa shule kabla ya kupimwa macho.

Kuna pia hoja ya uchache, kwamba watu wenyewe si wengi. Ulaya huuita ugonjwa kuwa wa nadra pale unapompata si zaidi ya mtu mmoja kati ya 2,000, na ualbino kwa Ulaya na Amerika Kaskazini humpata mmoja kati ya 17,000 hadi 20,000. Makadirio ya wataalamu kwa Tanzania ni mmoja kati ya 1,400, na hesabu hiyo ikiwa sahihi, karibu mtu mmoja kati ya kila 19 miongoni mwetu anaibeba ile jeni bila kujua. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 16,477, sawa na mmoja kwa kila 2,700 hivi. Tofauti kati ya namba hizo mbili haishangazi mahali ambapo watu hufa mapema na watoto hufichwa. Kwa wilaya ya Mkinga, iliyokuwa na wakazi 118,000 hivi mwaka huo, namba hizo zinatoa watu kati ya 40 na 80 hivi, wengi wao wakiwa vijana na watoto. Idadi hiyo ni ndogo kiasi kwamba timu moja ya macho kutoka hospitali ya rufaa ya Bombo inaweza kuipima kwa siku chache, na kubwa kiasi kwamba mwalimu mkuu yeyote wa mwambao ajiandae kumpokea mmoja wao. Kwa hiyo uchache, ambao hutajwa kama sababu ya kutofanya, naona ndio unaoifanya kazi iwezekane.

Na taifa limekwisha kukubali kanuni yenyewe. Baraza la Mitihani humtolea mtahiniwa mwenye uoni hafifu karatasi ya maandishi yaliyokuzwa na kumwongezea muda, na Taasisi ya Elimu imechapa vitabu vya kiada kwa herufi kubwa. Lakini kitabu hicho humfikia mwanafunzi aliyemo kwenye orodha, na kuingia kwenye orodha kunahitaji mtu aliyempima na kuandika kipimo chake. Mtoto ambaye hakuwahi kufika mbele ya mpimaji macho hujulikana kwa rangi yake tu, na rangi haimwambii mchapaji ukubwa wa herufi.

Wapo wanaosubiri dawa, na kwa mzazi subira hiyo inaeleweka. Dawa iitwayo nitisinoni, iliyoanza kutumika Sweden mwaka 1991 kwa watoto wenye hitilafu nyingine ya kurithi ya tairosini, iliyokuwa ikiwaua kwa kuharibu ini, huzidisha tairosini mwilini. Wanasayansi wakajiuliza, kwa mantiki nzuri kabisa, kama ziada hiyo isingeweza kusukuma utengenezaji wa melanini. Panya walionyesha matumaini. Jaribio dogo lililofanyika Marekani kwa watu wazima watano wenye aina mojawapo ya ualbino, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2019, liliona nywele na ngozi zikikolea kidogo, ila uoni haukuboreka. Aina hiyo si ile iliyozoeleka kwetu. Tena dawa hiyo ina deni lake kwa jicho: tairosini ikizidi mno yaweza kuganda kama fuwele kwenye konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, jicho likawasha, likauma na kuchukia mwanga, ndiyo maana watoto wanaoitumia kwa lile tatizo la ini hupewa lishe yenye vipimo na kuchunguzwa macho mara kwa mara. Utafiti uendelee. Mtoto aliyeko darasa la pili leo hatausubiri.

Anachoweza kupata leo kinaanzia kliniki ya chanjo. Mtoto wa miezi mitatu ambaye macho yake yanachezacheza yuko tayari mikononi mwa muuguzi, kadi yake iko wazi, na mstari mmoja wa rufaa ya macho ungeandikwa palepale pamoja na maelezo ya kofia na mafuta. Apimwe tena kabla ya darasa la kwanza, kisha kila mwaka maadamu anakua, kwa sababu jicho nalo hukua na miwani ya mwaka juzi humdanganya. Dawati lake liwe la mbele, mgongo wake uelekee dirisha la upande wa bahari, na mwalimu asome kwa sauti kila anachoandika ubaoni. Hilo la mwisho halina bei, na linaweza kuanza Jumatatu.